Kumjibia Babu

Nilizaliwa nikiwa tayari mume wa mtu. Kwetu Githongo mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na pamoja na jina hupewa mambo mengine mengi. Baba aliniita baba, kwa kuwa jina langu lilikuwa la babake. Mama aliniita baba mkwe, hasa alipokuwa na kazi: baba mkwe, toa hiyo miguu nipige deki. Nyanya, ambaye babu alimwacha mjane kabla sijazaliwa, aliniita mume wangu. Alinipakulia chakula kabla ya wengine, halafu akaanza kunidai majibu.

Hakunidai yangu. Alinidai ya babu. Kwa nini nilijenga jiko upande ambao moshi wote unaingia nyumba kubwa? Kwa nini nilimpa shemeji yangu yule mbuzi aliyekuwa karibu kuzaa? Kwa nini nilikuwa nakoroma kanisani, tena kwenye benchi la mbele? Wakati huo sikuwa nimeanza shule. Watu wote waliokuwa jikoni walinyamaza wakinitazama, wasikie nitasema nini. Nakumbuka nilivyojibu lile la jiko. Nilisema siku niliyojenga upepo ulikuwa unatoka upande wa pili, na ulipohama haukuniuliza. Nyanya alicheka hadi akashika ukuta. Alisema hivyo ndivyo babu angejitetea, akaniongezea nduma.

Majibu hayo yalinifundisha kazi ambayo sikujua kuwa ni kazi. Jiko lilikuwa pale, kila mtu aliliona, kwa hiyo sikuweza kusema halikujengwa. Mbuzi alikuwa ameenda kweli. Niliruhusiwa kubuni chochote kile ila yale yaliyojulikana, na jibu lililopendwa zaidi ni lile lililopita katikati ya mambo yanayojulikana likatokea upande wa pili bila kuangusha hata moja. Tena lilipaswa kufanana na babu, mtu ambaye nilimwona kwenye picha moja tu, amesimama kando ya baiskeli, amekunja uso kwa sababu ya jua.

Niliposoma chuo kule Embu nilijiunga na kikundi cha wanafunzi walioandika hadithi. Tulikutana Jumamosi asubuhi katika darasa lolote tulilolikuta wazi, na kila mara mazungumzo yalirudi pale pale: wazo la hadithi linaanzia wapi. Mmoja alisema yake huja akioga. Mwingine aliota. Msichana aliyesomea uuguzi alisema yeye huyaokota kwa wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Zamu yangu ilipofika nilisema sijui. Kisha nikatembea hadi chumbani nikiwaza kwa nini nilisema sijui, kama wameniona mjinga, au kama wamefikiri naringa, na kama ingefaa niwatumie ujumbe wa kueleza. Niliuandika ujumbe wenyewe. Nikaufuta.

Kwa kweli nilijua, ila niliona haya kusema. Hadithi zangu zilianza pale mtu alipoulizwa kitu mbele ya watu na hana pa kukimbilia. Nikianza na tukio, ajali au mafuriko au harusi iliyovunjika, kalamu ilisimama. Nikimpata mtu ambaye lazima ajibu, iliendelea. Lakini ungewaelezaje wenzako wa chuo kwamba ulijifunza kuandika kwa kuwa mume wa nyanya yako?

Nilirudi nyumbani mwaka jana na shahada ya kilimo. Naomba kazi hadi leo. Asubuhi nachuma kahawa pamoja na wazazi wangu, mchana naandika kwenye simu, na katikati ya hayo mawili najiuliza kama jirani akinisalimu ananisalimu tu au ananipima. Nyanya nilimkuta amebadilika. Alianguka akitoka jikoni, nyonga ikaumia, na tangu siku hiyo ameketi barazani kwenye kiti chenye mto. Akili yake iko sawa kabisa. Aliniambia siku ya kwanza kwamba nimekonda, na kwamba mume aliyekonda humwaibisha mke.

Alasiri moja tulikuwa barazani tukiambua maharagwe. Baba alikuwa hatua chache kutoka kwetu, anafungua pampu ya kunyunyizia dawa. Nyanya aliniita mume wangu, nami nikasubiri moja ya yale maswali yake. Lakini mikono yake ilikuwa imeacha kufanya kazi.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mtoto wetu wa kwanza alipokufa, kwa nini hukuja?"

Sikujua kulikuwa na mtoto kabla ya baba. Nilijua tu kwamba zamani sana, walipokuwa wameoana karibuni, babu aliwahi kwenda Timau kufanya kazi ya kuvuna katika shamba kubwa la ngano. Baba aliinamisha kichwa juu ya pampu. Mimi nilifanya nilivyozoea kufanya tangu utotoni, nikajibu upesi. Nilisema habari haikunifikia.

Nyanya alisema mdogo wangu, akimaanisha mdogo wa babu, alitembea hadi Timau na kurudi, miguu ikavimba. Alirudi akamwambia kwamba alinikuta kwenye ngano, alinieleza, na nilisikia. Mtu huyo alikuwa mkweli hadi alipozikwa.

"Unataka kuniambia alinidanganya?" akauliza. Kisha, kabla sijasema kitu, "Nenda kacheze, mtoto."

Baba aliacha pampu akaenda kumwona ng'ombe, ingawa alikuwa ametoka kumlisha.

Tangu siku hiyo nyanya aliniita mtoto. Mtoto, nipe maji. Mtoto, geuza kiti, jua linaniumiza macho. Dada yangu, ambaye yuko kidato cha nne na hana huruma, aliona mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote. "Mzee umeachwa," aliniambia tukila. "Na hata hujaoa." Kila mtu alicheka isipokuwa nyanya na mimi. Baadaye nilijiuliza kama baba alicheka kweli au alikohoa.

Nilimfuata baba shambani kumwuliza anajua nini. Alijua kidogo tu. Alikuwa kijana alipoambiwa na shangazi yake kwamba alikuwa na kaka aliyekufa akiwa bado hajatembea. Nyumbani mtoto huyo hakutajwa kamwe. Babu alirudi kutoka Timau mavuno yalipokwisha, akaendelea na kazi zake, na mpaka kufa hakusema neno juu ya jambo hilo, wala nyanya hakumwuliza. Wakati wao mke hakumwuliza mume swali la namna hiyo.

"Sasa anaweza kukuuliza wewe," baba alisema. "Mimi hawezi kuniuliza. Mimi ni mwanawe." Aliendelea kuchuma, tawi baada ya tawi, halafu akaniambia nimtafutie mamake jibu, ila lisiwe la kumnyamazisha tu.

Hapo nilielewa jambo lenyewe. Mwanamke mzee alikuwa amekaa na swali moja karibu maisha yake yote. Aliyepaswa kulijibu alikuwa amekufa, na duniani pote alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kumwuliza, naye ni mimi, ninayeshindwa hata kuchagua soksi. Nikikosea tena hatauliza tena. Nilijua hivyo nilipoona anavyoninyooshea kikombe bila kunitazama.

Nikaanza kutafuta. Kila asubuhi, kikapu kiunoni, nilijaribu jibu na kulitupa. Babu alikuwa mgonjwa: basi mdogo wake angesema ni mgonjwa. Babu alikuwa na mwanamke mwingine huko: nilisimama katikati ya kahawa nikaona nimemsingizia mtu ambaye hawezi kujitetea, tena mwenye jina langu. Babu hakujali: hilo nilifikiri ndilo nyanya amekuwa akiliamini, na kama ndivyo hakuhitaji mimi nimrudishie. Niliwaza pia kama ninachokifanya ni dhambi. Niliwaza kama nimwulize mchungaji, na nikawaza mchungaji atakavyomwambia mkewe, na mkewe atakavyoliambia kanisa. Mchungaji nikamwacha.

Baada ya wiki kadhaa nilipata jibu nililolipenda. Niliketi karibu na nyanya nikamwambia kwamba kule Timau, kwa kuwa sikumwona mtoto akizikwa, kwangu alikuwa bado anapumua, na kwamba niliogopa nikifika nyumbani atakufa mara ya pili. Nililisema polepole. Sauti yangu ilitetemeka kidogo mahali nilipopanga itetemeke.

Nyanya aliuliza, "Hiyo umeisoma wapi?"

Nikasema sijaisoma popote.

"Basi utaisoma. Mume wangu hakuwa na maneno mazuri hivyo. Alikuwa mtu wa kusema ndiyo na hapana, na hapana ilikuwa nyingi."

Iliniuma, lakini nilipokuwa naosha vyombo jioni hiyo niligundua kitu kilichonipa nguvu. Alikuwa amenisahihisha. Mtu aliyekata tamaa hasahihishi. Nikaamua kwenda Timau. Sikutumaini kumkuta anayemkumbuka babu. Nilitaka tu kusimama mahali aliposimama aliposikia habari ile, kwa kuwa jibu langu lilitoka kichwani moja kwa moja na halikuwa na ardhi chini yake.

Nilikuwa na rafiki wa chuo aliyepata kazi huko, katika ghala la kupakia mboga. Alinikaribisha kwake, akanipa sweta juu ya sweta langu, akanicheka kwamba watu wa kahawa hatujui baridi. Alisema shamba ninalolitaja huenda ni mojawapo ya yale makubwa yaliyo juu ya barabara, lakini yamebadilisha wenyewe na mipaka mara nyingi. Nilichagua moja kwa kukisia. Nilijua ni kukisia. Nilijilaumu njia nzima, na bado niliendelea kutembea.

Ngano ilikuwa karibu kukomaa. Sikuwa nimewahi kuona shamba lisilo na mwisho; kwetu kila mtu ana kipande, ukipiga chafya jirani anakuombea heri. Pale palikuwa na upepo tu, na mlima nyuma, na geti. Kwenye geti alisimama mlinzi, mwanamume wa makamo aliyevaa koti kubwa na kofia ya kazi. Tulisalimiana, akasema yeye ni wa Mitunguu, kwenye joto na ndizi, na baridi ya huku hataizoea hata akistaafu. Nilimwomba aniruhusu nitembee kando ya ngano kidogo tu. Nilimweleza kwamba babu yangu alivuna huko zamani.

Alifikiri, akatoa simu akampigia msimamizi wake. Na alipoanza kuongea alivua kofia. Aliishika kifuani kwa mkono mwingine, akasimama wima, ingawa aliyekuwa akimsikiliza hakumwona. Alisema kuna kijana, mtu mzuri, mjukuu wa mfanyakazi wa zamani. Sikusikia maneno ya upande wa pili, lakini sauti niliisikia. Ilitoka kwenye simu kama mbwa nyuma ya ua. Mlinzi alisema ndiyo mkubwa, ndiyo mkubwa, samahani mkubwa. Akakata. Akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Nimeamua usiingie," akaniambia. "Kuna nyoka."

Nilimshukuru. Tulizungumza kidogo juu ya bei za ndizi, nikamwacha pale na upepo wake. Nilikuwa nimefika karibu na barabara kuu nilipojua kwamba nimepata jibu. Sikuwa nimepata kilichomtokea babu. Hicho sitakipata kamwe. Nilikuwa nimemwona mtu akiomba na kunyimwa, halafu akageuza kule kunyimwa kuwa uamuzi wake mwenyewe, ili mimi, mgeni ambaye hataonana naye tena, nisijue kwamba kuna mtu anayeweza kumpigia kelele. Kama alifanya hivyo kwa ajili yangu, angefanya nini kwa ajili ya mke?

Nilirudi nyumbani na sikusubiri, kwa sababu najijua. Ningesubiri, ningelipamba. Nyanya alikuwa barazani, miguu kwenye jua. Niliketi kwenye kigoda, nikasema mdogo wangu alinikuta kwenye ngano, alinieleza, na nilisikia. Nilisema nilikwenda kuomba ruhusa nije nyumbani. Nikanyimwa. Nikarudi kuvuna.

Nikaendelea kusema kwamba niliona heri yeye anifikirie mkatili kuliko ajue nilisimama mbele ya mwanamume mwingine, kofia mkononi, nikiomba kwenda kumzika mwanangu, nikaambiwa hapana, na nikatii.

"Ulimwomba nani?"

"Nyapara."

"Ulimwambia mtoto amekufa?"

Hilo sikuwa nimeliandaa. Nilikuwa nimewaza kila upande wa jambo lile kwa wiki nyingi, na swali rahisi kuliko yote halikunijia. Kabla sijaanza kufikiri, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Nilimwambia ni mgonjwa."

"Kwa nini mgonjwa?"

"Lile neno lingine lilinishinda."

Nyanya aliangalia mikono yake. Nje ya ua mtu alipita akivuta ng'ombe, akatusalimu, hakuna aliyeitikia. Kisha nyanya akasema, "Huyo ndiye." Alisema hata ng'ombe wao wa kwanza alipokufa, babu aliingia ndani akamwambia ng'ombe amelala, na yeye akatoka na majani kwenda kumwamsha. Alitaka kucheka, kicheko kikamgeukia njiani. Nilimletea leso yake. Aliniambia nikae, nikakaa mpaka mama alipotuita kula.

Ningependa kusema nililala vizuri. Siku chache baadaye shangazi, dada yake baba aliyeolewa Mitunguu, alipiga simu, na nilimsikia akimwambia mama jinsi babu alivyonyimwa ruhusa na yule nyapara. Alijua hata kofia. Baba, aliyelisikia kwa nyanya, alikuwa amemsimulia, naye alikuwa amewasimulia watoto wake, na tayari lilikuwa jambo lililotokea. Nilikuwa nimebuni maneno na kuyatia kinywani mwa marehemu, na sasa yalikuwa yanatembea peke yake katika ukoo, na baada ya miaka kumi hakuna mtu angejua kwamba yalitoka kwa mlinzi aliyeogopa msimamizi wake. Niliwaza kuwapigia wote. Niliwaza maneno ya kutumia. Mwisho nikaona wa kwanza kuambiwa lazima awe nyanya.

Nilimweleza yote: geti, simu, kofia, nyoka. Nilimwambia hata shamba lenyewe nililikisia. Nilimwambia sijui, hakuna anayejua, na kama anataka nitasema hivyo mbele ya kila mtu.

Alinisikiliza akiambua njegere, bila haraka.

"Nani amekuuliza kama ni kweli?" akasema. "Nilikuuliza kwa nini. Nilikuwa na majibu yangu, na yote yalikuwa na mwanamume ambaye hakutaka kuja. Huyu wako alitaka." Alitupa maganda kwenye karai. "Waache waseme. Wewe niambie huyo nyapara alikuwa mtu gani."

Nikasema sijui.

"Basi mtafute," akasema. "Mimi niko hapa tu."

Hiyo ndiyo hadithi ninayoiandika sasa. Nilidhani ingekuwa juu ya babu, lakini babu amekwisha kujibu. Nyapara hajaulizwa na mtu. Alikuwa na mke pia, labda, na mtu wa juu yake wa kumvulia kofia, na siku ile alimwambia mwanamume fulani kwamba mtoto mgonjwa hupona hata babake asipokuwapo, arudi kwenye ngano. Halafu ikamjia habari, kwa njia ambayo bado sijaijua, kwamba mtoto hakuwa mgonjwa. Nimeianza mara nyingi na kila mara namfanya mbaya mno au mwema mno, na nyanya, ninapomsomea, anatikisa kichwa kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Jana alinikatiza nilipoandika kwamba nyapara alilia. Alisema mtu huyo hangelia, angemgombeza mkewe kuhusu chumvi.

Nimeifuta sehemu hiyo. Leo nimechuma safu yangu yote ya kahawa nikiwaza mezani kwa nyapara kuna nini, mke amekaa upande gani, na anajibu nini anapoambiwa chakula hakina chumvi, ilhali anajua imo.